Cha juu, fungu la kumi na bosi asiyejua

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo ila maneno ni yake:

"Shikamoo mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Mie nafanya manunuzi kwenye hoteli moja huku Unguja, pwani ya mashariki. Kila asubuhi nakwenda mjini, samaki soko la Malindi, mboga na matunda soko la Mwanakwerekwe. Wenzangu wa kazi hii karibu wote wanaweka cha juu na mie nikaingia, jodari nimemnunua 10,000 kwa kilo namwomba muuzaji aniandikie 12,000, tofauti naitia mfukoni. Kwa siku sikosi kama 10,000 hivi, huu mwaka mzima sasa. Mke wangu nimemwambia ni ovataimu. Na humo humo fungu la kumi natoa kila mwezi bila kukosa. Toka Kwaresima moyo umekataa kabisa. Rafiki yangu kaniambia niache tu kimyakimya nitubu kwa Mungu inatosha, alafu akasema mbona hata Rahabu alidanganya na Mungu akambariki. Na mshahara wenyewe mdogo mwalimu. Je ni lazima nimwambie bosi? Nikifukuzwa je?"

Marahaba mwanangu, asifiwe milele.

Kwanza nakushukuru kwa kuandika bei. Watu wengi wakitaka kuzungumza mambo haya wanakuja na maneno ya kuzunguka, oh nina udhaifu kidogo kazini, oh kuna mambo hayajakaa sawa, unakaa nao saa nzima hujajua kama wanaongelea ulevi au wizi. Weye umesema jodari, umesema 10,000 na 12,000, umesema mwaka mzima. Hapo ushaanza kuwa mkweli tayari na mie nitakujibu hivo hivo bila kuzunguka: ndio, umwambie, na hela urudishe. Kuacha kimyakimya ni bora kuliko kuendelea ila bado hujamaliza.

Sababu yangu ni hii. Rafiki yako anasema tubu kwa Mungu inatosha, na mie siku zote nafundisha kwamba msamaha wa Mungu ni bure, 1 Yohana 1:9 ipo pale pale, tukiziungama dhambi zetu yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee. Sibadilishi hata nukta. Lakini hela uliyochukua ilikuwa ya nani? Ni ya mtu mwenye jina na sura, analala kitanda chake kule hotelini na asubuhi anakupa pesa mkononi akiamini utarudi na samaki na bei ya kweli. Mungu akikusamehe yule bwana bado anaidai hela yake, tena hata hajui kama anadai, na hapo ndo pabaya zaidi.

Fungua Walawi 6, aya 1 mpaka 7. Watu wengi tunairuka Walawi tukidhani ni damu za kondoo tu, ila pale pana mtu kama weye khasa, kamfanyia mwenzake hila katika amana au katika jambo la kuwekeana mkono. Angalia mpangilio wake. Kwanza arudishe kitu chenyewe, aongeze juu yake sehemu ya tano, ampe mwenyewe, na ampe siku ile ile anayoleta sadaka yake ya hatia. Yani kondoo hawezi kwenda madhabahuni peke yake huku mali ya watu imebaki nyumbani. Na Bwana Yesu akaja akalishika jambo hilo hilo kwenye Mathayo 5:23-24, ukiwa unaleta sadaka ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako iache sadaka pale pale uende ukapatane naye kwanza. Umeona, sadaka inasubiri. Mungu mwenyewe anakubali kusubiri mpaka yule mtu apate haki yake.

Alafu kuna kitu kwenye sheria ya Musa nakipenda sana na nataka ukikamate maana kina huruma ndani yake. Mwizi aliyekamatwa na mnyama mkononi, Kutoka 22:4, analipa maradufu. Akiwa kashamchinja au kamuuza, aya ya 1 pale pale, kondoo mmoja kwa wanne, ng'ombe mmoja kwa watano. Lakini anayekuja mwenyewe akakiri kabla hajakamatwa ni kile kitu na moja ya tano tu. Sheria imemfungulia mlango anayekuja kwa miguu yake. Weye bado uko kwenye mlango huo mwanangu, hujakamatwa, mhasibu hajaja na mafaili, nenda saa hizi.

Tupige hesabu basi. 10,000 kwa siku, tuseme siku 26 za kazi kwa mwezi, ni 260,000. Kwa mwaka 3,120,000. Moja ya tano yake 624,000. Jumla 3,744,000. Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, tena tajiri, na pale Luka 19 alijipangia mwenyewe mara nne, kwako ingekuwa 12,480,000, na hakuna mahali Yesu alipomwamuru hivo, ilimtoka mwenyewe kwa furaha ya mgeni aliyeingia nyumbani kwake. Sikutwishi mzigo wa Zakayo. Nasema hesabu uijue, uiandike kwenye daftari, maana mtu akishaiona namba hawezi tena kusema "ni vihela vidogo tu vya chai".

Sasa fungu la kumi. Hapa ndo niliposimama muda mrefu kwenye swali lako. Kwa hesabu yako katika kila 260,000 ya cha juu umepeleka 26,000 kanisani, na nadhani kwa moyo mzuri kabisa, labda ulihisi inaisafisha ile 234,000 iliyobaki. Haisafishi. Kumbukumbu la Torati 23:18 inakataza kuleta nyumbani kwa Bwana ujira uliopatikana kwa njia ya uasherati hata kama ni kwa ajili ya nadhiri, maana Mungu anaangalia hela imetoka wapi kabla ya kuangalia ni ngapi. Na mtazame Daudi, 2 Samweli 24. Arauna alikuwa tayari kumpa kiwanja cha kupuria na ng'ombe bure kabisa kwa ajili ya sadaka. Daudi akakataa, akasema hawezi kumtolea Bwana Mungu wake sadaka isiyomgharimu kitu, akalipa shekeli 50 za fedha. Mfalme alikataa hata cha bure cha halali. Sisi tunamtolea cha mwenzetu alafu tunapigiwa makofi.

Na hapa niseme na wachungaji na makasisi wenzetu pia, kwa upendo. Kama kanisani tunasoma majina ya waliotoa zaidi na hatufundishi hata siku moja juu ya hela inapatikanaje tunawasaidia vijana kama huyu kuumia. Kuna kitu kwenye Hesabu 5:8 watu hawakisomi: ile hela ya kurudisha inakwenda kwa kuhani pale tu ambapo aliyedhulumiwa hayupo na hana jamaa wa kuipokea. Kanisa ni la mwisho kwenye foleni. Usiende lakini kudai kanisani urudishiwe ulichotoa, hapana, hilo liache, mueleze mchungaji wako faraghani ajue, na deni la bosi lipe kwenye jasho lako mwenyewe.

Rahabu, yule mwanamke wa Yeriko aliyewaficha wapelelezi wa Israeli, tumalizane naye haraka. Yeye na wale wakunga wa Kutoka 1, Shifra na Pua, walidanganya ili watu wasiuawe. Kanisa limebishana juu yao karne nyingi, Augustino askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini aliandika vitabu viwili vizima juu ya uongo, kimoja karibu mwaka 395 na chengine karibu 420, akashikilia kwamba uongo haufai hata hapo, na wengine wakasema roho ya mtu inatangulia. Ni mjadala mzito na wa heshima. Ila jodari wako haokoi roho ya mtu yeyote.

Ukitaka hadithi yako khasa nenda Matendo 5, Anania na mkewe Safira, waliouza kiwanja wakaleta sehemu ya hela wakajifanya ndo yote. Tunahubiriwa kila siku kwamba waliuawa kwa sababu ya kumnyima Mungu hela, na sivyo. Petro alimwambia Anania wazi kwamba kiwanja kilikuwa chake, na hata baada ya kukiuza hela ilikuwa mkononi mwake afanye apendavyo. Angeleta nusu akasema hii ni nusu pasingekuwa na tatizo lolote. Alafu saa tatu baadaye akaingia mkewe na Petro akamuuliza swali moja tu, niambie, mliuza kiwanja kwa thamani hiyo? Akasema ndio, kwa thamani hiyo. Swali la bei mwanangu! Walianguka kwenye bei. Tofauti ya bei ya kweli na bei iliyotajwa, ndo kitu kile kile kilichoandikwa kwenye risiti zako kwa kalamu ya muuzaji wa Malindi.

Na huyo muuzaji nataka tumuongelee maana wengi wanamsahau. Hapa Unguja na Pemba sisi Wakristo ni wachache, aghlabu anayekuuzia samaki ni Muislamu, na yeye dini yake inamfundisha jambo hili kwa ukali, wanayo sura nzima ya 83 inayoanza kwa ole kwa wapunjao vipimo. Anajua vizuri anachokifanya akiandika 12,000. Sasa asubuhi kuna mtu kasimama mbele ya meza yake, msalaba shingoni, siku ya Ijumaa Kuu kamwambia leo sili samaki nimefunga, na mtu huyo huyo ndo anayemwomba aandike uongo. Yeye Biblia hajaifungua na pengine hatoifungua. Anachokijua juu ya Yesu amekipata kwako. Ndo maana Paulo kwa Tito 2:10 anasema watumishi wasiwe wezi bali waonyeshe uaminifu mwema wote ili wayapambe mafundisho ya Mwokozi wetu. Sisi huku hatuna minara mingi wala sauti kubwa, tuna risiti zetu na ahadi zetu na chenji tunayorudisha.

Umegusia mshahara mdogo. Sikubezi, najua maisha ya hapa, kodi ya chumba, ada, nauli, na hoteli zinaingiza fedha nyingi na mfanyakazi anapata kidogo na wakati mwengine kwa kuchelewa, na Biblia inawakemea matajiri wanaozuia ujira wa wafanyakazi, Yakobo 5:4 soma uone jinsi inavyowaka. Lakini ile aya ya Tito niliyokutajia iliandikwa kwa watumwa. Watu wasiolipwa hata senti. Sisi wa hapa tunapaswa kuisoma aya hii polepole kuliko watu wengine wote, maana kanisa kuu la Mkunazini, hapa mjini Unguja, limesimama pale palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa 1873. Kuwambia watu kama wale "msiibe" ni neno gumu na mie siligeuzi kuwa utetezi wa mabwana zao, kuwamiliki watu ni dhuluma mbele za Mungu na walioikomesha walifanya kazi ya haki. Ila nikilisoma najua kwamba kama wao hawakupewa ruhusa ya kuchukua kwa siri, mie na weye wenye mkataba na uhuru wa kuomba nyongeza au kuondoka tutaipata wapi? Mshahara ukiwa haukutoshi dai nyongeza mchana kweupe. Cha juu kinakunyang'anya hata hiyo haki, maana mtu anayeiba hawezi kudai.

Haya, tuje kwenye namna ya kumwambia, na hapa nisikilize vizuri maana kweli nzuri inaweza ikaharibiwa na njia mbaya.

Usimwandikie wasapu. Usimwambie jikoni wala stoo mbele ya watu. Omba dakika kumi, ofisini kwake, na awe ni mwenye hela khasa, manake hoteli nyengine meneja naye anakula humo humo na ukimpelekea yeye atakuambia nyamaza tutaelewana. Nenda na daftari la hesabu na nenda na hela ya mwanzo mkononi, hata kama ni 300,000, usiende mikono mitupu na machozi. Sentensi ya kwanza iwe na jambo lenyewe: "Bosi, kwa mwaka mmoja nimekuwa nikiandikisha bei ya juu na tofauti nimeichukua, kwa hesabu yangu ni 3,120,000, nimekuja kurudisha na nyongeza yake, hizi ni za mwanzo na zilizobaki naomba ukate kwenye mshahara." Basi. Usianze na shida zako, usianze na mshahara mdogo, usimwambie "wote wanafanya". Maelezo akiyataka atayauliza.

Akikuuliza majina ya wenzako, usidanganye kwamba hujui. Mwambie mie nimekuja kwa la kwangu, wenzangu uwaulize wenyewe. Huo sio uongo na wala sio uchongezi. Ila ukitoka pale kawaambie wenzako kwa heshima kwamba umeacha na umesema la kwako, wasije wakasikia pembeni wakadhani umewauza.

Kuhusu kufukuzwa siwezi kukuahidi kitu. Naona wahubiri wengine wanaahidi, sema kweli na Mungu atakupandisha cheo wiki hiyo hiyo, mie sina aya ya kunipa ujasiri huo. Inaweza kutokea akakufukuza. Inaweza kutokea akakasirika akataka kwenda polisi, maana kisheria ni kosa kweli, kwahiyo kabla hujaenda kaa na mtu mmoja unayemwamini anayejua sheria, na karatasi yoyote utakayopewa usiitie saini hujaielewa. Na inaweza kutokea akanyamaza kidogo akakuambia endelea na kazi. Wapo waajiri wanaojua kwamba mnunuzi aliyejirudi mwenyewe ni adimu. Vyovyote itakavyokuwa utakuwa umetoka na kitu ambacho huna sasa hivi, utaweza kusikia simu ya bosi inaita bila tumbo kukata. Mithali 20:17 inasema chakula cha uongo ni kitamu kwa mtu lakini halafu kinywa chake kitajazwa changarawe, na weye toka Kwaresima unatafuna hiyo changarawe, ndo ulichoniandikia.

Lakini kabla ya bosi kuna mtu wa kuanza naye na swali lako halikuuliza juu yake. Mkeo. Umemwambia ovataimu. Kwahiyo kila ulipompa hela ya matumizi mwisho wa mwezi ulimpa na uongo pamoja, na yeye labda alikuombea, alisema Mungu ambariki mume wangu anachoka na kazi. Pengine kawasifia jirani zake kwamba mume wake anajituma. Huyu umemfanya ale na kushukuru kwa kitu asichokijua, na kama atasikia kwa mtu mwengine siku umefukuzwa litakalomuuma sana ni lile neno ovataimu kuliko hata samaki wenyewe. Waefeso 4:25 inasema uvueni uongo mkaseme kweli kila mtu na jirani yake kwa kuwa tu viungo kila mmoja kiungo cha mwenzake, na hakuna kiungo kilicho karibu kuliko huyo. Mwambie leo usiku watoto wakilala. Mwonyeshe daftari. Na hayo makato ya mshahara mpange pamoja, maana sufuria litakalopungua ni lake pia, sio haki umkatie mlo alafu umpe sababu nyengine ya uongo. Akikasirika muache akasirike, ana haki. Usimwambie "nilifanya kwa ajili yenu".

Muuzaji nenda kwake pia, kifupi tu, mwambie kaka nilikuwa nakuomba uniandikie bei siyo, nimekosea kukuingiza, kuanzia leo andika ile ile uliyoniuzia. Atashangaa. Pengine atacheka. Wapo watakaoona huna faida tena wahamie kwa mnunuzi mwengine, kubali.

Na ukibaki kazini, kuna vitu vidogo vitakuja siku ya pili tu asubuhi kwahiyo ujue mapema. Kipunguzo ulichopewa kwa kununua nyingi ni cha hoteli, sio chako, hata kama umekipata kwa ulimi wako mzuri wa kupatana bei, ulimi ule asubuhi unalipwa mshahara na hoteli. Chenji inarudi yote, hata 500. Nauli andika uliyolipa. Muuzaji akikufungia samaki wawili aina ya changu akasema hawa wa nyumbani kwako, hapo watu wanatofautiana na mie ntakupa langu: ukifika hotelini mwambie bosi, fulani kanipa changu wawili. Akisema chukua, chukua ukale na mkeo kwa raha. Akisema waingie jikoni, peleka jikoni. Na ukiona siku hiyo unasita kumwambia, usiwachukue.